Mikunazi ya Kiwanja cha Pangani: Ing'olewe au Ibaki?

"Assalaam alaykum mtaalamu. Tumehamia kiwanja alichotuachia marehemu baba mkwe, nje kidogo ya mji wa Pangani, si mbali na ufukwe. Ndani kuna mikunazi kumi na miwili, imejiotea tu na kusongamana kama kichaka. Mume wangu anataka kuikata yote apande minazi na ndimu. Anasema miiba imeshawachoma watoto mara kadhaa, kunazi zenyewe ni ndogo na nyingi zina funza. Tena jirani katuambia huo ni mti wa maiti, unakaliwa na majini, haufai karibu na nyumba. Jirani mwingine naye anasema ukikata mkunazi unapata laana. Mama mkwe, ambaye ana kisukari, hataki hata kusikia habari ya panga. Kila asubuhi na jioni anachemsha majani yake na kunywa, na sasa ameacha vidonge vya jioni kwa kuwa dawa yake, anasema, iko uani. Je, tuikate au tuiache? Na tukiiacha, kuna namna ya kupata kunazi kubwa kama zile za India?"

Waalaykumu salaam, dada. Swali lako moja limebeba maswali matano, na nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio ulioyauliza. Naanza na mama, kwa sababu miti inaweza kusubiri hata mwaka na yeye hawezi kusubiri hata wiki.

Mimi ni mtu wa miti ya matunda, si tabibu. Kwa hiyo ninachokuomba kwanza ni kumpeleka mama kliniki yake kesho au keshokutwa, akiwa na vidonge vyake vyote na tawi la mkunazi mkononi. Waelezeni waziwazi anachokunywa, mara ngapi kwa siku, na tangu lini aliacha vya jioni. Wapime sukari yake, waamue wao. Asijiongezee vidonge nyumbani kufidia vile alivyoruka, wala msimfiche daktari habari ya majani kwa kuogopa kugombezwa. Daktari asiyejua mgonjwa wake anakunywa nini anafanya kazi gizani.

Imani ya mama haikutoka hewani. Yapo majaribio ya maabara ambayo panya waliotiwa kisukari walipewa dondoo la majani ya jamii ya mkunazi, na sukari yao ikashuka. Lakini dondoo lile mara nyingi hukamuliwa kwa kemikali, likapimwa kwa mizani kulingana na uzito wa mnyama. Sufuria ya jikoni haina kipimo hicho. Jani changa si sawa na jani lililokomaa, mti wa kusini mwa kiwanja si sawa na wa kaskazini, na konzi ya leo si konzi ya jana. Hatari hapo ziko mbili, na kila moja inaelekea upande wake. Ya kwanza ni kwamba majani hayafanyi kitu, sukari inapanda kimyakimya, na mama anajisikia mzima kwa kuwa kisukari hakiumi mpaka kimeshaharibu macho, figo au mguu. Ya pili ni kwamba majani yanafanya kitu kidogo juu ya kidonge cha kushusha sukari kama glibenklamidi, na sukari inashuka kupita kiasi. Mkimwona anatetemeka, anatoka jasho jembamba, ana njaa ya ghafla au anaongea mambo yasiyoeleweka, mpeni maji ya sukari upesi kama bado anaweza kumeza, kisha muwahi hospitali. Na mkimwona ana kiu isiyokwisha, anakojoa kila mara, anatapika au anahema kwa kasi, msingoje kupambazuka.

Kuna jambo jingine ambalo naamini limewapoteza watu wengi. Mkunazi una ndugu yake wa China, Ziziphus jujuba, ambaye majani yake yana kitu kiitwacho zizifini. Ukiyatafuna kisha ukalamba sukari, kwa dakika kadhaa husikii utamu kabisa, ni kama umelamba mchanga. Mtu akiona hivyo ni rahisi aamini kwamba jani limeua sukari. Kilichozimwa pale ni ulimi, na sukari ya kwenye damu iko palepale.

Sasa tuje kwenye mti wenyewe. Huo wa kwenu ni Ziziphus mauritiana. Ukitaka kuhakikisha, chuma jani moja na ulipindue. Juu ni la kijani linalong'aa, chini ni jeupe lenye vinyweleo laini kama mahameli, na kutoka kwenye kikonyo mishipa mitatu inatanda pamoja mpaka karibu na ncha. Tazama pale jani linapoungana na tawi, utakuta miiba miwili. Mara nyingi mmoja umenyooka na mwingine umepinda kama ndoana. Huo uliopinda ndio unaowaliza watoto wako, kwa sababu mtoto akichomwa huvuta mkono, na kadiri anavyovuta ndivyo unavyozama. Wafundisheni kusimama, kusukuma tawi kurudi lilikotoka, ndipo wachomoe. Ncha ikikatikia ndani karibu na kifundo cha kidole au goti, na pakabaki pamevimba kwa siku kadhaa, hilo ni la hospitali. Mwulize pia mhudumu kama chanjo ya pepopunda ya mtoto imekamilika.

Wengi huuita mti wa asili ya hapa. Wataalamu wa mimea wengi huitaja Asia ya Kusini kama nyumbani kwake, lakini umekaa pwani hii muda mrefu kiasi kwamba umepata jina letu na umetoa majina ya mahali. Mtaa wa Mkunazini uko katikati ya Mji Mkongwe wa Unguja. Mzizi wake mkuu huenda chini sana kutafuta maji, ndiyo maana kiangazi kinapokausha kila kitu ninyi bado mnaona kijani kwa muda mrefu kabla majani yake hayajapukutika. Huvumilia pia ardhi yenye chumvi kuliko miti mingi ya matunda. Hilo la chumvi likumbuke, nitalirudia tukifika kwenye ndimu za mume wako.

Jirani wa kwanza amesema ni mti wa maiti. Amechukua nusu ya habari. Ni kweli Waislamu huosha maiti kwa maji ya majani ya mkunazi. Mtume aliwaamuru wanawake waliomwosha binti yake watumie maji na mkunazi, na mara ya mwisho watie kafuri. Lakini sahaba Qays bin Asim aliposilimu, akiwa hai na mzima, naye aliamriwa aoge kwa maji na mkunazi. Na katika Surat Al-Waqi'ah watu wa kuliani, yaani watu wa peponi, wanaahidiwa kuwa kwenye mikunazi isiyo na miiba. Huu basi ni mti wa usafi, na maiti husafishwa kwao kama anavyosafishwa aliye hai.

Usafi huo una sababu unayoweza kuiona kwa macho. Majani yana saponini, kitu chenye pande mbili, upande mmoja unapenda maji na mwingine unashika mafuta. Mafuta ya mwilini ndiyo yanayoshikilia uchafu. Saponini inayang'ang'ania kwa upande mmoja, maji yanaivuta kwa upande wa pili, na uchafu unatoka. Sabuni ya dukani hufanya vivyo hivyo. Jaribu jioni moja ukiwa na watoto. Chuma konzi mbili za majani yaliyokomaa, yaoshe vumbi, yatwange kwenye kinu mpaka yawe rojo la kijani linaloteleza vidoleni, tia maji ya uvuguvugu, kisha pigapiga kwa mkono. Povu litapanda, jeupe lenye ukijani kidogo. Chuja kwa kitambaa, osha nywele, suuza vizuri. Lisiingie machoni, linawasha. Mwenye ngozi nyepesi ajaribu kwanza ndani ya mkono na asubiri kesho yake. Unga wa sidri, yaani wa majani ya mkunazi kwa jina la Kiarabu, unaouzwa madukani mara nyingi ni wa ndugu yake wa Uarabuni, Ziziphus spina-christi, yule ambaye maua yake hutoa ile asali ya bei kubwa ya Hadhramaut na Oman. Wewe una majani yako bure.

Kuhusu majini, hilo ni la wanazuoni na sitalitia mdomo. Ila kama mtu wa miti nakwambia kwamba kichaka kinene cha miiba kisichofagiliwa hukaliwa na panya, na panya huleta nyoka. Wazee walioonya watoto wasicheze chini ya vichaka vya namna hiyo walikuwa na sababu nzito. Dawa yake ni kufungua kichaka mpaka mwanga ufike chini, na hilo mtalifanya hata mkiiacha miti.

Na laana? Ipo hadithi katika mkusanyiko wa Abu Daud yenye onyo kali kwa anayekata mkunazi. Abu Daud mwenyewe alipoulizwa alieleza kwamba inamhusu anayekata bure, kwa dhulma na bila haki yoyote, mkunazi wa jangwani ambao wasafiri na wanyama hupata kivuli chake. Sheikh wenu atawaeleza zaidi. Kukata mti wenu mwenyewe, ndani ya kiwanja chenu, kwa sababu ya msingi, si jambo hilo.

Kwa hiyo sina sababu ya kuwatisha msikate. Sababu yangu ni nyingine kabisa, na ningependa mumeo aisome mwenyewe. Mkunazi ukikatwa haufi. Kisiki hutoa machipukizi kumi mahali palipokuwa na shina moja, na machipukizi hayo yenye nguvu ndiyo yenye miiba mikubwa zaidi. Nimewaona wengi waliopiga panga mwaka huu, na mwaka wa pili wakawa na kichaka kinene kuliko cha mwanzo. Ukitaka uondoke kweli lazima uchimbe kisiki na mzizi wake, na mzizi ule unakwenda chini sana. Kwa miti kumi na miwili hiyo ni kazi ya siku nyingi na fedha si haba.

Halafu tuangalie mnachotaka kupanda badala yake. Minazi ni sawa, inaupenda upepo wa bahari na chumvi haiitishi. Lakini mnazi mrefu wa kwetu utawaweka miaka sita au zaidi kabla ya kuangua nazi za kujivunia, na kila mmoja unataka nafasi ya kama mita nane au tisa. Ndimu na jamii yake zote huchukia chumvi. Karibu na ufukwe mtaziona zinaungua ncha za majani na kudumaa, hasa mkimwagilia kwa kisima chenye maji ya magadi. Kabla ya kununua mche hata mmoja, onjeni maji ya kisima chenu mwisho wa kiangazi, na kama mnaweza, pelekeni sampuli ya udongo ikapimwe. Maamuzi ya ndimu yafuate majibu hayo.

Ushauri wangu ni mbaki na mikunazi minne au mitano, iliyo mbali na mlango na njia ya watoto, na mingine ing'olewe kabisa pamoja na visiki. Hapo minazi itapata nafasi, mama atakuwa na majani ya kuoshea nywele, na miti inayobaki itapumua. Ipi ibaki? Hilo lisiamuliwe kwa macho. Msimu wa kunazi ukifika, onjeni mti kwa mti. Kila mkunazi uliojiotea kwa mbegu ni mtu na tabia yake. Huu mchachu, ule mtamu, mwingine una kokwa kubwa na nyama kama karatasi. Mtashangaa ndani ya kiwanja kimoja tofauti ilivyo.

Ya kunazi ndogo ina majibu mawili, na la kwanza halina gharama. Mkunazi huzaa kwenye matawi mapya ya msimu uleule. Maua yale madogo ya kijani-manjano, yenye harufu isiyopendeza inayowaita nzi na nyuki, hutoka kwapani mwa majani ya tawi changa. Mti usiopogolewa miaka mingi hubaki na matawi mazee yaliyosukana, machipukizi mapya yanakuwa mafupi, na tunda linakuwa dogo. Basi baada ya mavuno, kiangazi, wakati majani yanapukutika na mti umelala, vaeni buti na glovu nene mpogoe. Bakisheni shina moja na mikono mitatu au minne iliyotawanyika, matawi yote yaliyoanzia chini ya kiuno yaondoke, na matawi ya mwaka jana yapunguzeni kwa nusu au zaidi. Mumeo akiona mti umebaki kama mwavuli uliovunjika asiogope. Mvua zikianza utavaa upya. Matawi yaliyokatwa msiyaache chini, yakusanyeni siku hiyohiyo, yanafaa kwa boma la mbuzi au kuku, na mbuzi watamaliza majani kwa raha.

La pili ni kubebesha. Zile kunazi kubwa za India, kama Gola, Seb na Umran, hazipatikani kwa kupanda kokwa. Ukipanda kokwa yake utapata mti wa bahati nasibu. Huchukuliwa jicho, yaani kichipukizi kidogo cha kwapani mwa jani, la mti mzuri likabebeshwa kwenye shina la mkunazi wa kawaida. Kule Niger, shirika la utafiti la ICRISAT liliwaenezea wakulima aina hizo za India kwa njia hii, na tunda likapewa jina la Pomme du Sahel, yaani tofaa la Saheli. Ninyi mnayo mashina tayari, yenye mizizi iliyokwisha kushika ardhi, na hayo ndiyo mumeo anataka kuyachimba akayatupe. Kata mti mmoja ubaki kisiki cha urefu wa goti, acha machipukizi yatoke, chagua matatu yenye nguvu. Yakifika unene wa penseli, mvua ikiwa imekolea na ganda linabanduka kwa urahisi, chana ganda kwa umbo la herufi T, ingiza jicho ulilolichonga na kipande chake cha ganda, funga kwa utepe wa nailoni ukiacha jicho wazi. Baada ya wiki tatu hivi, jicho likiwa bado la kijani limeshika, likiwa jeusi rudia tawi la pili. Kila chipukizi linalotoka chini ya jicho livunjwe, maana ni la mti wa zamani na litamnyonga mgeni. Matunda ya kwanza hutarajiwa mwaka wa pili au wa tatu.

Kama hujawahi kushika kisu cha kubebesha, usianzie kwenye mti wako bora. Mwite bwana shamba wa kata au mtu wa kitalu cha miembe, mikono ya kubebesha mwembe itaweza mkunazi baada ya mazoezi kidogo. Macho ya aina za India ulizieni kwenye vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, na vitalu vinavyoaminika, na msikubali kuletewa vijiti ndani ya begi kutoka nje ya nchi bila kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, kwa maana kijiti kimoja kinaweza kuleta ugonjwa tusiokuwa nao. Lakini ukiniuliza mimi ningeanza wapi, ningeanza kijijini kwenu. Waulizeni watoto wa shule mkunazi upi ndio mtamu kuliko yote, wanaujua. Ombeni macho yake.

Funza ni watoto wa nzi wa matunda. Nzi hutaga chini ya ganda tunda likiwa bado linakua, funza anakula ndani, tunda linaanguka, naye anatoka na kujifukia kwenye udongo palepale chini ya mti mpaka awe nzi mpya. Kila kunazi bovu unaloliacha chini ni kitalu cha nzi wa kesho. Okoteni kila siku, watoto wanaweza kuifanya kazi hiyo wakiwa na viatu, kisha mzitie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri juani siku kadhaa au kuzifukia kina cha mkono mzima. Parueni udongo chini ya mti na waachieni kuku wapekue. Chumeni kunazi zikiwa zimegeuka rangi ya manjano na bado ngumu, zinazopasuka mdomoni kama tofaa, msingoje zote zikunjamane na kuwa za kahawia. Mkiona unga mweupe juu ya vitunda vichanga, huo ni ubwiri unga. Mti uliofunguliwa kwa kupogoa na kupitisha upepo hupata kidogo zaidi. Sumu za kupulizia sizipendi kwenye mti ambao watoto wanachuma na kula papo hapo.

Kunazi mbichi lina vitamini C ya kutosha, zaidi ya unavyodhani kwa tunda linalouzwa kwa mafungu nje ya shule, ila kukausha na kupika huipunguza sana. Kwenye bonde la Zambezi huzikausha, huzitia kwenye uji, na wengine huzigeuza kachasu, pombe kali ya kienyeji. Ninyi kausheni za ziada juu ya mkeka safi, zifunikwe chandarua, mpate za kutafuna mwezi wa njaa. Mama naye anaweza kula konzi ya zile mbichi kama tunda lake la siku, kwa kibali cha kliniki. Zilizokauka awe nazo na tahadhari, maana maji yametoka na sukari imebaki.

Jambo la mwisho ni la jirani mwenye ng'ombe, kama yupo. Mifugo hula kunazi na kuzitoa kokwa mbali na mti, na kaskazini mwa Australia mkunazi umegeuka magugu yanayofunga malisho. Miche inayojiotea nje ya miti mliyoichagua ing'oeni ikiwa na urefu wa kiganja, wakati mzizi bado unakubali kutoka kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo kesho ni kliniki, na majani ya kwenye sufuria yasubiri neno la daktari. Msimu wa kunazi ukifika, kata vitambaa vyekundu vitano, mpe mama mkwe kazi ya kuonja, na kila mti atakaousifu aufunge kitambaa kabla mume wako hajashika panga.